Kaka anaugua kama mimi, mbona yeye hana huzuni?

SWALI
Shikamoo Bibi Muuguzi. Nauza vitenge hapa Mwanza. Niliharisha damu kwa muda mrefu, nikatibiwa amiba, taifodi, kichocho, kila zahanati na lake, hadi kipimo cha kamera kikaonyesha vidonda vya utumbo mpana, ule ugonjwa usiopona bali hutulizwa kwa dawa. Kaka yangu aliyeko Leicester naye anao. Yeye anafanya kazi, anakwenda mpirani, na kwenye simu anataja choo mbele za watu bila haya. Mimi nimejifungia ndani. Nimekonda, majirani wananong'ona. Kufuata mzigo Kariakoo nimeacha kwa kuogopa basi. Usiku silali, nalia ovyo. Mume wangu anasema nimuige kaka, nijikaze. Je, ni mimi tu mwenye moyo mwepesi?
Mama Vitenge, Mwanza

JIBU
Marahaba mwanangu. Mumeo namwomba asome hapa: hilo neno "jikaze" nimelisikia likiambiwa wagonjwa miaka yote niliyofanya kazi chumba cha kamera, na sijaona utumbo uliopona kwa kukazwa.

Ugonjwa ni mmoja, ila mnaugulia mahali tofauti. Uingereza mgonjwa wa utumbo anaweza kupata ufunguo uitwao Radar, unaofungua maelfu ya vyoo vya walemavu nchi nzima. Wana chama chao, Crohn's & Colitis UK, tangu 1979, nacho hutoa kadi ya kumwonyesha mwenye duka ili akuruhusu choo bila maswali. Hospitali nyingi zina muuguzi wa ugonjwa huu tu, wa kupigiwa simu damu ikianza kuonekana. Wewe una stendi ya Nyegezi alfajiri, basi linalojiamulia saa ya kuchimba dawa, na kichaka ambapo mwanamke husitiriwa kwa khanga ya abiria mwenzake. Hapo hata mzima tumbo humvuruga. Halafu huku kwetu mtu akikonda na kuharisha, mtaa umeshatoa majibu ya VVU bila maabara (kana kwamba mwenye VVU ndiye anastahili kusengenywa).

Lakini usidhani wenzako wa ng'ambo wanacheka kutwa. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 77 za wagonjwa wa namna yako, zaidi ya 30,000. Karibu mmoja kati ya watatu alikuwa na dalili za wasiwasi, na mmoja kati ya wanne dalili za sonona. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umewaka, wenye wasiwasi walizidi nusu. Muulize kaka yako faraghani usiku wake unakuwaje. Vijana wetu wa huko kwenye simu hutuonyesha meno tu.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako: damu bado inatoka? Kama inatoka, rudi kliniki kabla ya yote, wapime na wingi wa damu, maana upungufu wake peke yake humlegeza mtu akadhani ni roho. Kama unameza prednisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, jua kwamba huweza kufukuza usingizi na kuvuruga hisia. Mwulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi, na usithubutu kuiacha ghafla. Zile dawa za maumivu za diclofenac za duka la dawa ziweke mbali, huweza kuamsha vidonda.

Pili, kilio na kukosa usingizi vitaje kwa daktari kama ulivyoniandikia mimi. Nakumbuka mama mmoja aliulizwa hali, akajibu "nzuri tu", naye alikuwa amechagua kiti kilichogusana na mlango wa choo na mkoba umejaa khanga za kubadilisha. Daktari akaandika nzuri. Omba upelekwe kitengo cha afya ya akili, si cha vichaa peke yao. Na likikujia wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo.

Kariakoo utafika. Panda basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR mpaka Dar, ina vyoo. Mabasi mengine nayo yana choo, ila uliza kama kinafanya kazi kabla ya kulipa, maana vingine vimegeuzwa stoo. Kata siti ya karibu na mlango, umwambie konda mapema: nina tatizo la tumbo, nikisema simama, simama. Makonda ukiwaambia mkiwa bado Nyegezi wana utu. Ukianza kupiga kelele Manyoni, hapana.

Mtaa mzima huna deni la kuueleza. Mchague jirani mmoja anayesikilizwa, mwambie jina la ugonjwa na kwamba hauambukizi. Atausambaza yeye, tena bure.

Mumeo aje nawe kliniki ijayo. Aingie ndani mbele ya daktari, asibaki nje kwenye benchi na simu yake.