Ada Imelipwa, Mwanachama Anapata Nini?

Vyama vya kitaaluma vya maofisa mawasiliano na uhusiano wa vyuo vikuu hupoteza wanachama kimya kimya. Hakuna anayeandika barua ya kujitoa. Mtu anaacha kulipa ada mwaka huu, mwakani haonekani mkutanoni, na katibu anaendelea kumhesabu mpaka siku ya kutafuta akidi. Ukimpigia atakwambia kazi zilimzidi. Anasema kweli, na hapo ndipo viongozi wanapaswa kutega sikio: kazi zilimzidi, na chama hakikumpunguzia hata moja.

Hapa Dodoma jambo hili linaonekana wazi kwa sababu vyuo vimekaribiana. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote vya mwaka 2007. Kuna Chuo cha Mipango, kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), na Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo. Baadhi ya taasisi zina kitengo kizima cha mawasiliano. Nyingine zina mtu mmoja tu, naye ndiye mwandishi, mpiga picha, mshehereshaji na msimamizi wa kurasa za mitandao. Ukiwapa wote semina ileile ya siku mbili, wa kwanza ataona anafundishwa anachokijua, na wa pili hatakuja kabisa, maana akiondoka ofisini hakuna wa kushika kamera.

Kwa hiyo, viongozi wa chama, msianze kwa kuongeza huduma. Anzeni kwa simu kumi na tano: tano kwa wanachama walio hai, tano kwa walio kimya, tano kwa walioacha kulipa. Dakika ishirini kila moja, apige mjumbe wa kamati mwenyewe. Dodoso la maswali arobaini litajibiwa na walewale wanaojibu kila kitu. Na msiulize "mngependa chama kifanye nini?", kwa sababu jibu litakuwa "mafunzo", nalo halitawafikisha popote. Ulizeni mambo matatu: mwezi uliopita ni kazi gani ilikufanya ukeshe? Ulimpigia nani kuomba msaada? Ni kitu gani ulikitengeneza upya kutoka mwanzo wakati unaamini chuo kingine kinacho tayari? Swali la tatu ndilo lenye utajiri. Kwa kawaida utasikia ratiba ya mahafali, fomu ya ridhaa ya picha, hadidu za rejea za kumpata mtengeneza video, au mwongozo wa mitandao ya kijamii kwa watumishi.

Kabati la nyaraka

Majibu hayo yageuzeni kuwa kabati la nyaraka la chama. Nyaraka kumi na mbili zilizo safi zinatosha kwa mwaka wa kwanza. Mia mbili zilizorundikwa hazitumiki. Kila moja iwe katika muundo wa Word ili mtu aweke nembo yake na kubadilisha, kwa maana PDF itamlazimu kuandika upya. Juu ya ukurasa wa kwanza iwepo mistari mitatu: ni ya kazi gani, imehakikiwa lini, na ni nani katika chama aulizwe ikigoma. Ondoeni majina ya wanafunzi, namba za simu na bei za wazabuni kabla ya kuiweka kabatini.

Makabati ya namna hii hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhifadhiwa kwenye akaunti binafsi ya katibu: akihama chuo au akimaliza kipindi, kila kitu kinaondoka naye. Fungueni akaunti kwa jina la chama, na watu watatu wawe na ruhusa ya usimamizi. Ya pili ni kugawa nyaraka kwenye kundi la WhatsApp pekee. Baada ya siku mbili imezama chini ya salamu za asubuhi, na anayeihitaji mwezi wa tisa ataomba tena, kisha atachoka kuomba.

Fomu ya ridhaa ya picha inahitaji uangalizi wa pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mwanafunzi anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Ofisi nyingi za mawasiliano bado zina maelfu ya picha zisizo na kumbukumbu ya ridhaa. Chama kikitoa fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, inayoeleza picha itatumika wapi, kwa muda gani, na jinsi ya kuondoa ridhaa, kisha kikaomba mwanasheria wa chuo kimoja aipitie, kitakuwa kimeokoa kazi ya ofisi zote kwa mkupuo. Sheria hiyohiyo inakihusu chama chenyewe: orodha ya wanachama yenye simu na barua pepe haipaswi kupewa mdhamini kwa sababu tu amelipia chakula cha mchana.

Huduma ziende na msimu

Kazi ya mawasiliano ya chuo ina majira kama kilimo. Julai, kwa kawaida, kuna matokeo ya kidato cha sita, dirisha la udahili la Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na maonesho ya vyuo vikuu. Oktoba na Novemba wanaingia wanafunzi wapya na maswali ya mikopo yanafurika. Kisha yanafuata mahafali. Mafunzo ya kujibu maswali ya waombaji yakiletwa Agosti yamechelewa. Yaletwe mwishoni mwa Mei. Yale ya kurekodi na kurusha mahafali yafanyike Septemba. Wiki sita kabla ya kazi ni muda mzuri: mtu bado ana nafasi ya kununua kifaa kinachokosekana au kurekebisha mkataba.

Na mafunzo yenyewe yawe madogo. Watu kumi na wawili, saa tatu, kila mmoja akija na kazi yake halisi na kuondoka nayo ikiwa imekamilika. Kwa kipindi cha video, kwa mfano, wapelekeni nje. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti huharibu sauti kuliko kitu kingine chochote, na hakuna programu itakayoisafisha vizuri baadaye. Mtu akisikia mwenyewe tofauti kati ya maiki iliyo wazi na iliyofunikwa kizuia upepo cha manyoya, hatasahau. Akijifunza kumpanga mhojiwa ajikinge na ukuta na maiki ikae kifuani, umbali wa shubiri moja kutoka kidevuni, hilo peke yake linamrudishia ada ya mwaka.

Baada ya mafunzo, toeni cheti, lakini toeni pia barua ya aya mbili kwa mwajiri ikitaja ujuzi uliofundishwa na kazi iliyokamilishwa. Watumishi wa umma siku hizi wanapimwa kupitia PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa serikali wa kupima utendaji kazi, na barua inayoonyesha kazi iliyofanyika humsaidia mwanachama kujieleza kwa msimamizi wake kuliko picha ya pamoja.

Siku ya moto

Hili ndilo jambo ambalo chama kinaweza kulifanya na ofisi moja haiwezi. Hosteli imeungua, video ya mhadhiri inasambaa, wanafunzi wamekaa nje ya jengo la utawala, na ofisa mawasiliano yuko peke yake na simu kumi za waandishi. Wekeni zamu ya dharura: kila wiki wanachama watatu wazoefu kutoka taasisi tofauti, majina na namba zao vijulikane kwa wanachama wote. Makubaliano yawe wazi. Mmoja wao anapokea simu ndani ya nusu saa. Hawazungumzi na vyombo vya habari, hawaandiki popote, na hawamwambii mtu yeyote chuoni kwao. Kazi yao ni kusoma rasimu na kuuliza maswali ambayo mwandishi wa habari atayauliza.

Taarifa ya awali haihitaji kuwa ndefu. Mistari mitano inatosha: kilichotokea na wapi, kinachojulikana kwa uhakika kuhusu waliodhurika, hatua inayochukuliwa sasa, wapi wazazi wapige simu, na saa ngapi taarifa nyingine itatolewa. Kosa linalorudiwa ni kusubiri chanzo kijulikane ndipo chuo kitamke neno. Saa nne zikipita bila tamko, mitaa itakuwa imeshatoa chanzo chake. Kosa la pili ni kuahidi saa ya taarifa nyingine na kuikosa. Hata kama hakuna jipya, saa hiyo ikifika semeni hakuna jipya.

Zamu hii hufa ikiwaangukia watu walewale. Mtu mmoja asishike zamu zaidi ya wiki nne kwa mwaka, na kila baada ya tukio wahusika wakae dakika arobaini, mambo yakishapoa, waandike funzo bila kutaja chuo. Funzo hilo liende kabatini.

Kuhusu WhatsApp: kundi la matangazo, ambamo viongozi peke yao wanaandika, na kundi la msaada wa kazi. Michango ya harusi, pole na pongezi zipewe kundi lake la tatu. Msizipige marufuku. Wanachama wanaozikana na kufurahi pamoja ndio watakaosaidiana kazini. Ila mtu anayetafuta fomu saa tano usiku asilazimike kuvuka rambirambi themanini.

Fedha, na barua inayofika kwa wakati

Wanachama wengi hawalipi kwa sababu ombi la ada limefika vibaya. Mwaka wa fedha wa taasisi za umma unaanza tarehe 1 Julai, na vitengo huanza kupanga mahitaji yao miezi mingi kabla. Chama kinachopeleka ankara mwezi Machi kitaambiwa hakuna kifungu cha bajeti cha kulipia, na ni kweli hakuna. Ikifika Novemba pamoja na ratiba ya shughuli za mwaka mzima unaofuata, zenye tarehe, mahali na gharama kwa kila mshiriki, mkuu wa kitengo anaweza kuiingiza kwenye bajeti. Iandikwe kwa Makamu Mkuu wa Chuo, nakala kwa mkuu wa kitengo, iwe na namba ya usajili wa chama, namba ya mlipakodi (TIN), na akaunti ya benki yenye jina la chama. Namba ya simu ya mweka hazina ikiwekwa kama njia ya malipo, mhasibu wa chuo atairudisha barua, maana yeye ndiye atakayejibu hoja ya mkaguzi.

Fikirieni ada za aina mbili. Kwa mfano, taasisi ilipe shilingi 600,000 kwa majina hadi matano, na mtu binafsi alipe 50,000. Taasisi kumi zikilipa, chama kina milioni sita kabla ya kumdai mtu mmoja mmoja. Taasisi yenye ofisa mmoja isilazimishwe kulipa sawa na yenye kumi. Wekeni kiwango cha chini chake, nusu au pungufu. Kisha kila mwaka toeni ukurasa mmoja wa matumizi. Mwanachama akiona zaidi ya nusu ya ada imeliwa na vikao vya kamati, ana haki ya kusita, na viongozi wana wajibu wa kubadilisha.

Mkutano wa mwaka ukifanyika Dodoma, epukeni Aprili hadi Juni. Bunge la bajeti linakuwa limeketi, kumbi na vyumba vinakuwa haba na ghali. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 imepunguza adha ya safari. Mkianza kikao cha kwanza mchana, baadhi ya washiriki wataokoa posho ya usiku mmoja, na mwajiri atatia saini ruhusa kwa wepesi zaidi.

Siku tisini za mgeni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii inafaa kabisa kwa mwanachama mpya. Wiki ya kwanza apigiwe simu na mtu anayefanya kazi kama yake, wala si mwenyekiti. Wiki ya pili atumiwe nyaraka mbili zinazolingana na msimu uliopo. Kabla mwezi haujaisha aombwe kitu kidogo kinachomalizika: kuhakiki waraka mmoja, kupiga picha za kipindi kimoja, kupokea wageni mlangoni. Aliyetoa mchango ana sababu ya kurudi kuliko aliyekaa kiti cha nyuma.

Kipimo chenu kiwe hiki: kati ya waliolipa mwaka jana, ni wangapi wamelipa mwaka huu? Wapya msiwaingize kwenye hesabu hiyo. Waliolipa mwaka jana wakiwa 80, wakabaki 52, na wapya wakaja 30, orodha itasoma 82 na kamati itapiga makofi, wakati watu 28 wameondoka. Hao 28 wapigiwe simu ndani ya Agosti. Deni lisitajwe. Kila mmoja aulizwe amekuwa akishughulika na nini, na kabla ya kukata simu atumiwe waraka mmoja unaohusu kazi aliyoitaja.