Bega Lililoteguka Likapewa Hadithi Yake

Mhariri, mmetuuliza ni tukio gani la nyuma ya kamera lililotufanya tukitazame upya kipindi cha vichekesho tulichodhani tunakijua. Langu linahusu Friends, sehemu ya pili ya msimu wa tatu, iliyorushwa Marekani tarehe 26 Septemba 1996, ambayo mimi na mke wangu tumeirudia mara nyingi hapa kwetu Migosi, Kisumu.

Karibu hadithi nzima inatokea sebuleni, mpango uliokusudiwa kupunguza gharama. Ross anawahimiza wenzake wavae waende naye kwenye hafla ya makumbusho, hakuna aliye tayari, na huku Joey na Chandler wanagombania kiti kimoja. Katika kurekodi mbio hizo za kukiwahi kiti, Matt LeBlanc, aliyemwigiza Joey, aliruka meza ndogo iliyokuwa katikati, miguu ikapaa juu, akaanguka vibaya na bega lake likateguka. Watazamaji waliokuwa ukumbini waliliona jambo hilo kwa macho yao, na mwigizaji akapelekwa hospitali.

Mimi hufundisha wanafunzi wa sekondari michezo ya kuigiza, kwa hiyo kinachonivutia zaidi ni uamuzi wa waandishi baada ya hapo. Mkono uliofungwa kitambaa hadi shingoni haufichiki, wala mhusika mkuu hawezi kutoweka majuma kadhaa bila watu kuuliza. Waliukubali mkono huo, wakautungia sababu: katika sehemu iliyofuata, ya tarehe 3 Oktoba, Joey anaonekana amefungwa mkono, na tunaelezwa kwamba aliumia akirukaruka kitandani. Sababu hiyo inamfaa mno, kwani Joey ni mtu mzima mwenye moyo wa mtoto, na asiyejua habari za ajali ile angeapa kwamba ilitungwa tangu mwanzo. Naona huo ni ustadi mkubwa kuliko mzaha wowote uliomo katika sehemu zote mbili, na ndio ninaowasisitizia wanafunzi wangu, ambao wakiteleza jukwaani hukimbilia kuomba radhi kwa macho badala ya kuendelea kuwa wahusika.

Lipo jambo la pili, ambalo LeBlanc alilisimulia waigizaji wote sita walipokutana tena mbele ya kamera mwaka 2021. Walikuwa na desturi ya kukumbatiana kwa duara kabla ya kuanza kurekodi, na jioni ile ya ajali ndiyo pekee waliyoiacha. Tangu siku hiyo hawakuiacha tena. Sisemi kwamba kukumbatiana kungezuia bega kuteguka, lakini ninaamini waigizaji wanaotazamana usoni kabla ya kazi huingia jukwaani kila mmoja akijua mwenzake yuko wapi.

Siku hizi wawili hao wanapoanza kukigombania kiti, mke wangu hucheka kama kawaida. Mimi macho yangu yako kwenye ile meza.