Kabla ya Kelele, Daftari

Hadithi ya shabiki, ile anayoitunga kuhusu wahusika au wasanii awapendao na kuiweka mtandaoni, haiungui wala hailiwi na mchwa. Huondoka kwa barua pepe ya mistari minne: huduma itasitishwa tarehe fulani, kila mtu apakue vyake. GeoCities, iliyobeba kurasa za watu binafsi, ilizimwa hivyo mwaka 2009. Yahoo Groups, ambako mashabiki walikuwa wamelimbikiza hadithi, michoro na mabishano ya karibu miaka 20, ilitangaza Oktoba 2019 kwamba vyote vitafutwa Desemba. Watu walipolalamika, muda ukasogezwa hadi mwisho wa Januari 2020, basi. LiveJournal, tovuti ya blogu, haikutoa hata hiyo barua. Mei 2007 ilisimamisha akaunti takribani 500 kwa mkupuo, na wenyewe wakaamka kukuta majina yao yamepigwa mstari katikati.

Ushauri huu ni kwa anayesimamia kundi la mashabiki, liwe la watu 40 wa WhatsApp au 40,000 wa Telegram. Kulinda kazi za watu na kuwaunga mkono waandamanaji vinaonekana mambo mawili tofauti, lakini ukivifunua ndani ni kazi ileile ya karani: orodha, zamu, risiti, nakala. Kundi lisilo na daftari likiingia kwenye jambo zito huishia kugombana lenyewe kwa lenyewe.

Mwaka huohuo 2007, waandishi na wasomaji wa hadithi za mashabiki waliochoka kuhamishwahamishwa waliunda shirika lisilo la faida, Organization for Transformative Works, na Novemba 2009 wakafungua hifadhi yao, Archive of Our Own, ambayo wengi huiita AO3. Seva ni zao. Hakuna matangazo. Gharama hutoka kwenye michango ya wasomaji, na kuna wanasheria wa kujitolea. Mwaka 2019 hifadhi hiyo ilipewa tuzo ya Hugo, ya hadithi za kubuni za kisayansi na fantasia. Hoja yao ya msingi ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kutekeleza: ukiweka mali yako kwenye nyumba ya mtu, siku akiamua kuuza nyumba huna la kumwambia.

Ninyi hamtanunua seva, na hakuna haja. Anzeni na jedwali. Safu saba zinatosha: jina la kazi, jina la kalamu la mwandishi, kiungo, tarehe ilipochapishwa, tarehe mlipoihifadhi, idadi ya sura, na ruhusa. Safu ya ruhusa iwe na majibu matatu tu: ndiyo, hapana, hajajibu. "Hajajibu" si "ndiyo". Magrupu mengi huvunjikia hapo.

Kwa faili, AO3 hukuruhusu kupakua hadithi kwa EPUB, HTML, PDF na aina nyingine mbili za Kindle, kifaa cha kusomea vitabu. Chukueni EPUB ya kusomea na HTML ya kutunza, kwa sababu HTML hufunguka kwenye kivinjari chochote, hata cha simu ya zamani. PDF iacheni, kwenye skrini ndogo herufi zake zinakuwa kama chawa. Msiogope ukubwa: riwaya ya maneno 100,000 isiyo na picha kwa kawaida haifiki megabaiti moja, kwa hiyo flashi ya bei ya chini hubeba maelfu ya hadithi. Wekeni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mji mwingine kwa mtu mwingine. Flashi iliyotupwa kabatini miaka kadhaa bila umeme inaweza kupoteza data, hivyo kila miezi 6 mtu aichomeke na afungue faili 10 za kubahatisha.

Kwa simulizi zinazotolewa sehemu kwa sehemu WhatsApp kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kikomo: ukihamisha gumzo bila picha unapata ujumbe wa mwisho 40,000 tu, na ukiambatanisha picha 10,000. Grupu lenye soga nyingi humeza sehemu za mwanzo kabla hujashtuka, kwa hiyo hamisheni kila mwezi. Telegram ya kompyuta haina taabu hiyo. Hutoa historia yote kwa HTML. Mtego wa pili ni majina ya faili. Ukiandika "sehemu 1, sehemu 2" mpaka 30, baadhi ya vifaa na programu zitapanga 1, 10, 11 kisha 2, na msomaji atakutana na mazishi kabla ya ndoa. Andikeni 001, 002, 003.

Kuhifadhi si kuchapisha. Anayefuta kazi yake ana sababu, na mara nyingi ni ndoa, ajira au mzazi aliyeona simu. AO3 ina njia ya kumsaidia: mwandishi anaweza kuifanya hadithi kuwa yatima, yaani ikabaki kusomeka huku jina lake likiondolewa. Mkiombwa kufuta, futeni kwenye nakala ya wazi siku hiyohiyo, bila kudai maelezo.

Sasa wizi. Mtu anabeba simulizi nzima, anaibandika kwenye ukurasa wake wa Facebook na namba ya simu ya kulipia. Jambo la kwanza linalowajia watu ni "twendeni tukamripoti wote". Msifanye hivyo. Ripoti 500 zinazofanana huonekana kama uvamizi, na mara nyingine akaunti zinazoripoti ndizo zinazofungiwa. Kinachofanya kazi ni taarifa moja iliyokamilika, na majukwaa makubwa ni ya Marekani, kwa hiyo sheria yao ya hakimiliki mtandaoni, DMCA, inamsaidia hata mwandishi wa Mwanza au Mombasa. Inadai vitu sita: saini, hata ya kuandika kwa kibodi, kazi iliyoibwa ni ipi, kiungo kamili cha nakala ya wizi, mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana idhini, na tamko kwamba taarifa ni sahihi na kwamba wewe ndiye mwenye haki au umeruhusiwa naye, ukijua kusema uongo ni kosa. Kikikosekana kimoja, taarifa inaweza kutupwa.

Anayetuma ni mwenye kazi au aliyeruhusiwa naye, si shabiki mwenye hasira. Kazi yenu ni ushahidi: kiungo, tarehe na saa, picha ya skrini inayoonyesha anwani ya ukurasa, na nakala iliyowekwa Wayback Machine, hifadhi ya wazi ya kurasa za mtandao, kabla mwizi hajashtuka. Mwambieni mwandishi jambo moja mapema: jukwaa linaweza kumpelekea mtuhumiwa taarifa hiyo pamoja na jina halisi la aliyeituma. Anayeandika kwa jina la kalamu kwa usalama wake atafute wakala au mwanasheria aitume kwa niaba yake. Na mtuhumiwa akijibu kwa taarifa ya kupinga, kazi inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa mwenye haki afungue kesi. Aprili 2025 mkusanyiko wa hadithi za AO3 zipatazo milioni 12.6 uliwekwa kwenye Hugging Face, tovuti ya kushirikishana data na mifumo ya kompyuta, kwa ajili ya kufundishia mifumo ya akili mnemba. Shirika likatuma taarifa, mkusanyiko ukaondolewa, na aliyeuweka akapinga. Waandishi wengi baada ya hapo walifungia hadithi zao zionwe na wenye akaunti pekee. Hatua hiyo inapunguza roboti zinazokusanya data, haizimalizi, na inamfungia nje msomaji asiye na akaunti.

Ripoti za pamoja zina ubaya mwingine. Februari 2020 huko China, mashabiki wa mwigizaji mmoja walichukizwa na hadithi moja iliyomhusu, wakaipeleka kwa mamlaka. Tarehe 29 mwezi huo AO3 ikafungiwa nchi nzima, hadithi mbaya na nzuri pamoja, na wasomaji wengine wakalipiza kwa kususia bidhaa ambazo mwigizaji yule alikuwa akizitangaza. Hakuna aliyetoka na faida.

Tuingie barabarani. Usiku wa Desemba 3, 2024 Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini alitangaza utawala wa kijeshi, Bunge likaufuta saa chache baadaye, na wiki hizo vijana wa kike wakajaa mbele ya Bunge pale Yeouido wakiwa na taa za mkononi ambazo mashabiki hupunga kwenye matamasha. Kwenye maandamano ya mwaka 2016 watu walikuwa wameshika mishumaa, na mbunge mmoja akakejeli kwamba upepo ukivuma itazimika. Taa ya shabiki haizimwi na upepo. Nyingi hutumia betri tatu za AAA, na baridi hudhoofisha betri za alkali, hivyo za akiba hukaa mfuko wa ndani karibu na mwili. Zima pia bluetooth na usiwashe programu ya tamasha, maana hiyo huiunganisha taa na simu yako na namba ya kiti chako.

La kujifunza zaidi ya taa ni kahawa. Waliokuwa mbali, wengine ng'ambo, walilipia vikombe, supu na gimbap, wali uliokunjwa kwa mwani, kwenye maduka ya jirani na Bunge ili mwandamanaji afike, ataje jina walilokubaliana, apewe. Hii ni desturi ya mashabiki kabla haijawa ya maandamano. Wamezoea kumpelekea msanii gari la kahawa kazini. Ili iende sawa mwenye duka lazima akubali mambo manne kwa maandishi: idadi, bei kwa kila kimoja, saa za kuanza na kuisha, na mabaki yatakwenda wapi. Kinachoharibika ni kilekile siku zote: duka lililo karibu na jukwaa huishiwa mapema, na la mtaa wa tatu hubaki na vikombe vimelipiwa bila mnywaji. Mtu mmoja awe na zamu ya kupiga simu madukani kila nusu saa na kusahihisha orodha.

Kuhusu fedha, mfano bora ni wa mashabiki wa BTS, kundi la muziki la Korea Kusini. Juni 2020 ilijulikana kwamba kundi hilo limetoa dola milioni 1 kwa Black Lives Matter, vuguvugu la Marekani la kutetea maisha ya watu weusi, na mashabiki wakaifikia milioni yao ndani ya takribani siku moja. Watu husimulia kasi. Kasi ilitokana na kwamba One In An ARMY, kikundi cha kujitolea kilichokuwa kikiendesha kampeni za hisani tangu 2018, kilikuwa na ukurasa wa michango tayari, mashirika yamekwisha kuchunguzwa, na kiungo kimoja kinachogawa mchango kwa mashirika kadhaa. Fedha haikupita mkononi mwa shabiki hata mmoja.

Shikeni hilo hapo hapo. Mkichangisha kwa M-Pesa, msitumie laini ya mtu binafsi. Kenya akaunti ya kawaida hujaa ikifika shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000, kwa hiyo kampeni ikishika moto saa nne asubuhi, saa sita fedha zinarudishwa na uvumi wa wizi unaanza. Tumieni namba ya paybill ya shirika linalopokea, au jukwaa la michango kama M-Changa, ambalo Wakenya walilitumia Juni 2024 kwa ajili ya majeruhi wa maandamano ya Muswada wa Fedha. Wasimamizi wawili wasiotoka familia moja. Jumla itangazwe kila baada ya saa 6 hata kama haijabadilika. Ukimya wa siku moja hauzibiki tena.

Nchini Thailand, Oktoba 2020, mashabiki wa muziki wa Kikorea walichangia vifaa vya kujikinga na mawakili wa haki za binadamu. Wakati huohuo waliacha kununua matangazo ya siku za kuzaliwa za wasanii kwenye treni za Bangkok, kwa kuwa vituo vilifungwa waandamanaji wakashindwa kurudi nyumbani. Fedha hizo wakazipeleka kwenye bajaji zilizokosa watalii: bango la msanii nyuma, na dereva akapata kama baht 600 kwa mwezi. Huo ni ususiaji wenye akili. Aliyenyimwa fedha anajua kwa nini, na aliyepewa anazihitaji.

Hashtagi ndizo zinazopendwa mno na zinazoharibika upesi. Juni 2, 2020 watu walibandika miraba myeusi chini ya #BlackLivesMatter, nia njema tupu, na taarifa za mawakili na misaada zikafukiwa humo. Ulizeni waandaaji kwanza wanatumia ipi kwa dharura, kisha hiyo msiiguse kwa picha. Kuchezesha video usiku kucha ili mapato ya matangazo yaende kwenye mchango pia kuna mwisho mbaya. YouTube iliiondoa video maarufu ya namna hiyo mwezi huohuo, kwa kuwa kuongeza kutazamwa kwa matangazo kwa makusudi kunavunja kanuni zake. Tumeni shilingi elfu moja, moja kwa moja kwa anayepokea.

Na ule mzaha wa Mei 31, 2020, mashabiki kuijaza programu ya polisi wa Dallas video za wasanii wakicheza hadi ikasimama, usiigwe ovyo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018, na "nilikuwa natania" si utetezi wa kutegemea. Kundi liwe na maskani ya pili pia: X ilizuiwa Tanzania Mei 2025, na waliokuwa huko peke yake walitawanyika kama vifaranga. Kabla ya siku ngumu, kila mwanachama awe na anwani ya barua pepe ya kundi kwenye karatasi.

Kampeni ikiisha, wawili wahakiki jedwali la waliochangia na taarifa ya akaunti, mstari kwa mstari. Tangazeni jumla, tarehe na risiti ya shirika lililopokea. Kisha majina na namba za simu zifutwe siku hiyohiyo, kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye ile nakala iliyoko mji mwingine.