Tulianza Chini ya Gari, Rangi Ikangoja

Mhariri,

Wiki hii jarida limewauliza wasomaji kama ni busara kwa familia inayoishi Nairobi kununua fowili kuukuu, yaani gari linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, na kuifufua iwe gari la nyumbani, badala ya kuchukua gari dogo lililotumika Japani. Jibu langu ni ndiyo, lakini nalifunga kwa sharti moja ambalo sioni namna ya kulilegeza: fedha za kwanza ziingie kwenye chesi (fremu ya chuma inayobeba gari lote), breki, usukani na mikanda ya usalama, na rangi, viti vya ngozi na taa za mapambo vingoje hata kama kungoja huko kutachukua miaka miwili. Ninaandika kama mama wa watoto watatu ninayeishi Kasarani, na gari ninalolizungumzia ni Land Rover Series III ya 1979, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambayo mume wangu na mimi tuliinunua miaka mitatu iliyopita kwa shilingi 420,000.

Kilichotusukuma ni njia ya kwenda kwetu. Nyumbani kwa wakwe zangu ni juu ya Wundanyi, Taita, ambako lami ikiisha unabaki na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni wakati wa masika na wa vuli, na gari dogo tulilokuwa nalo tuliliacha kwa jirani wa bondeni mara tatu mfululizo, watoto wakapanda kilima kwa miguu na mizigo kichwani. Fowili mpya hatukuwa na uwezo nayo. Kuagiza ya kale kutoka nje nako hakukuwezekana, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane, kwa hiyo anayetaka gari la miaka ya sabini hana budi kulitafuta humu humu nchini, kwenye mashamba, misheni, shule na nyua za watu. Bahati nzuri yapo, maana Land Rover ziliwahi kuunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya, ambacho sasa kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40 zipo pia na injini zake ni imara sana, lakini wapenzi wa magari ya kale wamezipandisha bei, na kwa kuwa bodi yake ni ya chuma, kutu ina mahali pengi zaidi pa kula.

Kuhusu Land Rover, hapo hapo kwenye bodi ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma uliotokana na Vita vya Pili vya Dunia, basi watengenezaji wakaivika bodi ya alumini. Alumini haili kutu kama chuma, na mtu akiona milango na madigadi bado mazima baada ya miaka arubaini na kitu, husadiki kwamba gari lote ni zima. Chesi iliyo chini yake ni ya chuma, imeundwa kwa mabamba yaliyochomelewa yakawa boksi lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia kupitia matundu, hukaa humo, na kutu huanza kula kutoka ndani ikija nje, hata siku unapoiona kwa macho inakuwa imekwisha kumaliza kazi yake.

Gari la pili tulilokwenda kuliona, huko Ruai, lilikuwa limepakwa rangi mpya ya kijani, na chini limepigwa lami nyeusi inayong'aa. Fundi wetu, mzee wa Kariobangi Light Industries ambaye vijana wake wa kazi humwita Guka, nasi tukalishika jina hilo, hakuangalia injini wala hakuomba ufunguo. Alitandika gunia, akalala chali, akatoa nyundo ndogo mfukoni na kuanza kugonga chesi kutoka mbele kwenda nyuma, kila baada ya shibiri moja. Ngo, ngo, ngo, chuma kilijibu kwa sauti kali. Alipokaribia kishikilio cha springi ya nyuma sauti ikafifia, ikawa pu, kama ya mtu anayegonga boga. Akagonga tena kwa nguvu kidogo, nyundo ikazama, na kipande cha lami kikamwangukia kifuani pamoja na gamba la kutu nene kama biskuti. Aliinuka, akajipangusa, akamwambia mwenye gari kwa upole, "Mzee, asante kwa muda wako," tukaondoka. Ningependa kila msomaji anayelifikiria jambo hili azoeshe sikio lake tofauti ya sauti hizo mbili kabla hajatoa hata shilingi ya arubuni, na akikuta lami mbichi chini ya gari la kale aamini kwamba kuna kitu kimefunikwa mpaka atakapothibitisha kwamba hakipo.

Tulilolinunua mwishowe nalo halikuwa safi. Mtambuka wa nyuma wa chesi ulikuwa umeoza upande wa kushoto, mikono miwili inayobeba bodi ilikuwa imebaki nyembamba kama karatasi, na sakafuni kwenye miguu ya dereva kulikuwa na tundu ambalo ungeliona barabara. Lakini mihimili miwili mirefu ililia vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo lililotufanya tulipe. "Mama Mkawasi," Guka aliniambia siku tuliyolifikisha kwake likiwa limevutwa kwa kamba, "ukitaka rangi, nitakupa rangi wiki mbili. Ukitaka gari, niachie miezi mitatu huku chini." Ilikuwa mitano. Vipande vilivyooza vilikatwa mpaka chuma kizima kikaonekana, vipya vikachomelewa, kisha nta ya kuzuia kutu ikapulizwa ndani ya boksi kwa mpira mrefu kupitia matundu yale yale ambayo maji yalikuwa yakiingilia.

Kabla ya yote hayo kuna makaratasi, na hapa nitasema kwa kifupi ingawa jambo lenyewe si dogo. Magari mengi ya umri huu bado yameandikishwa kwa jina la mtu aliyekwisha kufariki au kampuni iliyofungwa zamani, na muuzaji atakwambia kwamba logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, "itafuatiliwa baadaye". Usikubali. Mirathi isiposhughulikiwa, msimamizi wake akiwa hajulikani kisheria, hutaweza kulihamisha gari liwe kwa jina lako huko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na utakuwa umefufua mali ya watu wengine. Hakikisha nambari iliyogongwa kwenye chesi, ambayo kwa Series III utaikuta kwenye kishikilio cha springi ya mbele upande wa kulia, ndiyo iliyo kwenye logbuku. Isugue kwa brashi ya waya na uisome mwenyewe. Nambari ya injini nayo ilinganishwe, kwani Land Rover nyingi zimekwisha kufungwa injini za dizeli za Kijapani bila mabadiliko hayo kuandikishwa.

Sasa breki, ambazo nataka kukaa nazo kidogo. Series III ndefu ina breki za dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, kwenye magurudumu yote manne, zenye pampu ndogo sita, mbili kwa kila gurudumu la mbele na moja kwa kila la nyuma, na kila moja ina raba zinazozeeka hata gari likiwa limesimama. Zetu sita zote zilibadilishwa, pamoja na pampu kuu, mabomba ya chuma na mipira yake. Kabla ya kufungua dramu, Guka aliwaondoa watoto wote karibu na hakumruhusu kijana yeyote kupuliza vumbi kwa kompresa, kwa sababu laini za breki za zamani, yaani vipande vinavyosugua dramu, zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Alilifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa, akakitia kwenye mfuko na kuufunga. Naomba msomaji alitilie maanani hilo, hasa anayenuia kufanya kazi hii nyuma ya nyumba huku watoto wakichungulia.

Siku ya kutoa hewa kwenye mabomba, mtoto wangu Mkawasi, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mbili, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha dereva. Mimi nilikuwa chini nikishika mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa ya maji ya breki, Guka akiwa na spana. Tulianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na pampu kuu. "Kanyaga. Shikilia. Usiachie mpaka nikwambie." Guka alifungua kidogo, mapovu yakatoka mengi kwenye chupa, akafunga. "Achia. Kanyaga tena." Mara ya tisa au ya kumi likatoka povu moja, kisha maji matupu, na Mkawasi akasema kutoka juu, bila kuulizwa, "Mama, imekuwa ngumu sasa." Pedali ilikuwa imeshika.

Miezi miwili baadaye breki zile zile ziliharibiwa. Tulilipeleka gari kwenye gereji nyingine, ambayo sitaitaja, kwa kazi ndogo ya kupanga magurudumu, na kijana wa pale, akidhani anatusaidia, akaongeza mafuta ya haidroliki kwenye kikopo cha maji ya breki. Mafuta ya madini huvimbisha raba za breki. Baada ya wiki moja gari lilianza kuwa zito kama linalovuta trela, magurudumu yakapata moto, na pedali ikawa hairudi juu. Ilibidi kila raba itolewe, mabomba yasafishwe na mfumo mzima uanzwe upya, na gereji ile ilikataa kulipa hata nusu. Tangu siku hiyo kikopo kile kina maandishi meupe niliyoyaandika kwa mkono wangu, chupa ya maji ya breki hukaa ndani ya gari, na hakuna anayefungua kifuniko nikiwa sipo. Maji hayo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo tunayabadilisha yote kila baada ya miaka miwili hata kama breki hazijalalamika.

Viti vya nyuma vya gari hili vilikuwa mabenchi yanayotazamana, bila mkanda hata mmoja. Wako watakaosema kuyaondoa ni kuliharibia gari uhalisi wake. Kuna wanaofufua magari kwa ajili ya Africa Concours d'Elegance, maonyesho yanayofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako majaji hukagua mpaka uvungu wa gari, na kazi yao naiheshimu sana. Mtoto aliyeketi ubavu bila mkanda, hata hivyo, hana cha kumzuia gari linaposimama ghafla. Tuliweka viti vitatu vinavyotazama mbele, na kwa kuwa bati la alumini halishiki boliti ya mkanda, Guka alitengeneza fremu ya chuma iliyofungwa moja kwa moja kwenye chesi, kisha mikanda yenye kupita begani ikafungwa kwenye fremu hiyo. Kazi hiyo ilitugharimu shilingi 68,000, na ndiyo fedha niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote.

Injini haikutusumbua sana. Ni ya petroli, ya lita 2.25, na karibu kila kitu chake unakipata ukitembea nusu siku Barabara ya Kirinyaga na Grogan. Mkifungua kichwa cha silinda, muulizeni fundi kuhusu viti vya valvu, yaani mahali valvu zinapofungia, kwa sababu injini nyingi za zamani zilikingwa na madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu mwanzoni mwa 2006. Litakula mafuta: letu huenda kama kilomita sita kwa lita moja, na mwendo wake wa raha ni kilomita 80 kwa saa, basi anayefanya kazi mbali asilifanye gari la kila siku. Sisi bado tuna lile dogo kwa safari za mjini. Pia kila dereva wa nyumbani afundishwe kwamba kifundo cha manjano kinachounganisha magurudumu ya mbele hakibonyezwi kwenye lami kavu, kwa kuwa hakuna difu ya katikati, ile gia inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na shafti hujisokota mpaka kitu kivunjike.

Jumla ya matengenezo mpaka leo ni shilingi 710,000, mbali na bei ya kununulia. Bima kubwa tulinyimwa na kampuni mbili kwa sababu ya umri wa gari, ya tatu ikakubali baada ya mthamini kulikagua na kuziona risiti zote, kwa hiyo tunzeni kila risiti na mpige picha kila hatua ya kazi. Rangi ni ile ile ya kijivu tuliyoikuta, yenye mabaka ya praima kwenye milango.

Januari hii tulitoka Wundanyi kwenda Mwatate tukiwa watu watano na magunia mawili ya viazi, kwenye kona zile kali, gia ya tatu na mara nyingine ya pili, injini ikilizuia gari na mguu wangu ukigusa breki kwa vipindi badala ya kulala juu yake. Mwatate tulisimama kupumzika. Nilizunguka nikisogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa, kama Guka alivyonifundisha, nikakuta ya mbele kulia ina joto zaidi ya wenzake watatu. Nilimpigia simu pale pale, akaniambia tuendelee pole pole mpaka Nairobi, na Jumamosi iliyofuata aliilegeza marekebisho yake kwa robo zungusho.