Tiketi tatu, begi moja: je, mzigo wa Dodoma utafika Guangzhou bila kuuchukua njiani?

SWALI: Nauza nguo Soko la Majengo hapa Dodoma na ninajiandaa kwenda Guangzhou kufunga mzigo. Nimetafuta bei nikaona nafuu kukata tiketi tatu: Dodoma–Dar kwa shirika moja, Dar–Dubai kwa shirika la pili, Dubai–Guangzhou kwa la tatu. Dubai nitakaa saa sita. Viza ya China ninayo. Nikikabidhi begi Dodoma, nitalikuta Guangzhou? Hiyo ya Dubai–Guangzhou bado sijailipia.

JIBU: Naomba usiilipie kwanza. Kwa mpango ulivyo sasa, begi lako litaishia Dar, ulichukue na kulikabidhi upya. Likifika Dubai litaishia hapo tena. Hilo la Dar ni usumbufu tu wa kubeba. La Dubai ndilo linaloweza kukukwamisha, na sababu yake ni viza, kwa hiyo nitaanza nalo.

Mkanda wa mizigo pale Dubai uko baada ya dirisha la uhamiaji. Abiria wa kuunganisha ndege hapiti uhamiaji, anabaki upande wa ndani. Kwa hiyo kama begi lina tagi ya kuishia Dubai, utakuwa upande mmoja na begi upande mwingine, na mwenye pasipoti ya Tanzania havuki hapo bila viza ya Falme za Kiarabu. Wengi hugundua hili wakiwa tayari Dubai. Wengine hukwama mapema zaidi, kaunta ya Dar: shirika la pili linaona tiketi inayoishia Dubai, linamhesabu abiria kuwa anaingia nchini humo, na bila viza linaweza kumkatalia kupanda. Wana haki ya kufanya hivyo, maana shirika linalopeleka abiria asiye na nyaraka hupigwa faini na kutakiwa kumrudisha.

Ipo viza ya kupita ya saa 48, ambayo haina ada, na ya saa 96 kwa dirham 50. Lakini hazitolewi dirishani ukishafika. Huombwa kabla ya safari, kupitia shirika la ndege lenye makao katika Falme za Kiarabu. Kama shirika lako la Dar–Dubai ni la huko, liulize mapema. Kama si la huko, njia hiyo usiitegemee.

Sasa kwa nini begi haliunganishwi? Begi hufuata tiketi. Mtu wa kaunta anapoingiza jina lako, mfumo unamwonyesha safari zilizomo kwenye tiketi hiyo tu, na tagi hutoka kwa kituo cha mwisho cha tiketi hiyo. Ili tiketi mbili tofauti ziungane kwa mzigo, lazima mambo matatu yakutane. Kwanza, mashirika hayo mawili yawe na makubaliano ya kubebeana abiria na mizigo. Pili, sheria za shirika la kwanza ziruhusu kuunganisha mzigo kwa tiketi tofauti. Tatu, mfanyakazi aione tiketi yako ya pili na kuiingiza kwenye mfumo wake. Hilo la pili ndilo limekuwa gumu siku hizi. Hata muungano wa mashirika wa oneworld uliacha mwaka 2016 kuwalazimisha wanachama wake kuunganisha mizigo ya tiketi tofauti, hivyo kuwa kwenye muungano mmoja si dhamana.

Utasikia watu wakisema, «mwombe tu wa kaunta akuandikie mpaka mwisho.» Usimwombe. Tagi ni karatasi. Kinacholipeleka begi kwenye ndege ya pili ni ujumbe wa kompyuta unaotumwa kwenye kiwanja cha kuunganishia, ukitaja namba ya tagi, jina la abiria na ndege anayoendelea nayo. Begi likifika bila ujumbe huo, mtambo wa kupanga mizigo unalipeleka kwenye kona ya mabegi yenye utata, lisubiri mtu. Tena, kwa kanuni za usalama wa anga, begi la kuunganisha halisafirishwi mpaka shirika lihakikishe mwenyewe amepanda ndege hiyo. Shirika la tatu lisilojua kuwa wewe na begi hilo ni kitu kimoja litaliacha chini, na litakuwa limefanya kazi yake sawasawa.

Kwenye kila kaunta soma tagi kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Herufi tatu kubwa kuliko zote ndizo kituo cha mwisho: DAR ni Dar es Salaam, DXB ni Dubai, CAN ni Guangzhou. Chini ya mistari ya msimbo kuna namba ya tarakimu kumi, ambapo ya pili hadi ya nne ni namba ya shirika lililotoa tagi, na sita za mwisho ni za begi lako. Kipande kidogo chenye namba hiyo hubandikwa kwenye pasi yako ya kupandia ndege. Kipige picha, na begi lenyewe lipige picha, kwa sababu likipotea utaulizwa rangi, aina na namba.

Ushauri wangu ni huu: safari ya Dar hadi Guangzhou iwe tiketi moja. Air Tanzania imekuwa ikiruka Dar–Guangzhou kwa Dreamliner, Ethiopian inakupitisha Addis Ababa, na hata kwa Dubai unaweza kukata shirika moja mwanzo hadi mwisho. Bei itapanda kidogo. Linganisha nyongeza hiyo na gharama ya tiketi mpya ya kununua papo hapo Dubai, si na bei ya leo ya mtandaoni. Kwa tiketi tofauti, ndege ya Dar ikichelewa na ya Guangzhou ikakuacha, shirika la tatu linakuhesabu hukutokea. Halidaiwi kukupangia ndege nyingine, na la pili limeshakufikisha lilikoahidi.

Hapa wakala anaweza kukuchanganya bila kukusudia. Anakuchapishia karatasi moja yenye safari zote na namba moja ya bukingi ya herufi na tarakimu sita, ukadhani ni tiketi moja. Bukingi moja inaweza kubeba tiketi mbili. Angalia namba ya tiketi yenyewe, ile ya tarakimu 13. Safari zote zikiwa chini ya namba moja, au namba zinazofuatana za shirika hilohilo zilizotolewa kama tiketi ya mwendelezo, uko salama. Tarakimu tatu za mwanzo zikitofautiana, hizo ni tiketi mbili, hata kama zimechapwa karatasi moja.

Kipande cha Dodoma–Dar unaweza kukiacha peke yake, ila kipe muda wa kutosha. Kiwanja cha Dodoma kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa jua kali hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo uzito ambao ndege inaweza kuruka nao hupungua. Ndege ikiwa imejaa, baadhi ya mabegi yanaweza kubaki yaje na ndege inayofuata. Kwa anayeishia Dar hiyo ni kero ya siku moja. Kwako wewe mwenye ndege ya kimataifa jioni hiyo ni hasara. Fika Dar siku moja kabla, au kama lazima iwe siku hiyohiyo, ndege ya asubuhi kabisa. Hesabu pia muda wa kusubiri begi mkandani, kubadili jengo la abiria pale Julius Nyerere kama tiketi zako zinataja majengo tofauti, na kujipanga upya kaunta, ambayo kwa safari nyingi za kimataifa hufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka. Kwa mfanyabiashara wa Dodoma mimi naipenda zaidi treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar–Dodoma Julai 2024: begi unalo mwenyewe njia nzima.

Hukuuliza kuhusu kurudi, na ndiko mzigo utakuwa mwingi. Tiketi ikiwa moja, kiwango cha mizigo ni kile kilichoandikwa kwenye tiketi kwa safari nzima. Zikiwa mbalimbali, kila shirika linapima kwa sheria zake. Moja linaweza kukupa mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, linalofuata begi moja tu, nawe ukalipia ziada katikati ya safari kwa bei ya kaunta, ambayo huwa ya juu kuliko ya kulipia mapema mtandaoni. Begi moja lisizidi kilo 32 kwa hali yoyote. Huo ndio ukomo ambao mashirika mengi yamejiwekea ili kulinda migongo ya wapakiaji, na ukizidi utaambiwa ugawanye.

Begi lisipotokea, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo bila kuandikisha taarifa kwenye dawati la shirika lililokuleta na kupewa namba ya kumbukumbu. Kwa Mkataba wa Montreal wa safari za ndege za kimataifa, ambao Tanzania, China na Falme za Kiarabu ni wanachama, lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe, na lisiloonekana kwa siku 21 unaweza kulidai kama limepotea. Ukomo wa fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya SDR (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), zaidi kidogo ya dola 2,000 za Marekani kwa abiria. Kwa hiyo fedha taslimu, simu na risiti za mzigo wa duka zikae kwenye mkoba wa mkononi.