Kwa Wanaoanza Kusomea Uhuishaji na Michezo ya Kompyuta

Wengi huingia katika shule hizi wakiamini kwamba ada wanayolipa ni ya kufundishwa programu. Nami niliingia na imani hiyo, nikautumia muhula wa kwanza wote kukariri vitufe, na mwisho wa muhula mhusika wangu alikuwa akitembea kama aliyekanyaga sakafu yenye mafuta. Mwalimu wangu hakugusa kompyuta. Alinituma Kariakoo nikawatazame wapagazi.

Nilikaa pale tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kabla gunia halijamfika mgongoni, mpagazi huwa amekwisha kupanua miguu na kuinamisha kiuno. Likishamkalia, magoti hukubali kidogo, kisha hatua ya kwanza hutoka fupi kuliko ya pili. Hageuzi kichwa peke yake, bali hugeuka na mabega yake yote. Niliporudi darasani ndipo nilipozielewa zile kanuni 12 za uhuishaji zilizochapishwa na wachoraji wawili wa Disney mwaka 1981, hasa ile inayosema kwamba kila tendo hutanguliwa na maandalizi yake. Nilikuwa nimeikariri bila kuiona. Basi ndugu zangu, tembeeni na daftari. Mkitaka kumrekodi mtu kwa simu, mwombeni ruhusa kwanza, kwa sababu yule yuko kazini. Kisha itazameni video picha moja baada ya nyingine na kuhesabu. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, kwa hiyo magoti yanayokunjika kwa robo sekunde yana picha 6 tu za kuuonyesha uzito wote wa gunia.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Blender kwa uhuishaji na Godot kwa michezo ni programu huria zisizolipiwa, na zinatosha kabisa kwa miaka ya kwanza. Hesabuni muda mapema: kipande cha sekunde 10 kina picha 240, na kompyuta ikihitaji dakika 5 kuikamilisha kila picha, kazi hiyo itachukua saa 20. Iamuruni itoe picha mojamoja badala ya video nzima, ili umeme ukikatika usiku muendelee pale ilipoishia. Nilipoteza kazi ya mwezi mzima kabla ya kulizingatia hilo.

Kwa upande wa michezo, somo kubwa nililipata barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, akiwa na kete 22 mkononi, ambazo huziingiza mojamoja kila zamu yake inapofika. Tafakarini kanuni hiyo. Ndiyo inayoufanya mchezo ukolee taratibu, na aliyezidiwa mapema bado ana kete za kujikomboa. Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, uchezesheni mchezo wenu kwa karatasi na vizibo vya soda, mbele ya watu wawili msiozoeana nao, nanyi mnyamaze. Wakikwama msiwaelekeze, andikeni walipokwamia.

Kuna jambo ambalo mtaala wetu haukuligusa, nalo naliona zito kuliko yote niliyoyataja, yaani lugha. Mifano mingi ya msimbo huacha nafasi ya nambari na nafasi ya jina katika sentensi moja, kisha kompyuta hujaza. Kwa Kiswahili njia hiyo huvunjika papo hapo, kwani tunasema kisu kimoja, visu viwili, chungwa moja, machungwa mawili, mkuki mmoja, funguo mbili. Mchezo wangu wa kwanza ulimwambia mchezaji kwamba amepata "kisu mbili", na mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyenisahihisha. Tangu siku hiyo kila kifaa ninachokiingiza mchezoni hukiandikia umoja wake, wingi wake na ngeli yake.

Midomo nayo ina sheria zake. Chati za midomo zinazosambaa mtandaoni nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza, ilhali sisi tuna irabu 5, na silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, hivyo kinywa hufunguka tena na tena kwa mpigo ulio sawasawa kuliko wa Kiingereza. Rekodini sauti kwanza, ndipo mchore. Kisha kaeni mbele ya kioo na kulitamka polepole neno "bembea". Midomo hukutana mara 2 tu, kwenye b ya mwanzo na kwenye mb. Chora hizo 2 kwanza, halafu ujaze irabu katikati yake.