Mkunjo wa katikati: kuisoma noti ya Korea iliyokwisha tumika

Noti yangu ya kwanza ya zamani ya Korea Kusini niliiharibu mwenyewe, kwa pasi. Ilikuwa won 500 ya mwaka 1973, ile yenye admirali Yi Sun-sin na meli yake ya kivita yenye umbo la kobe. Ilikuwa na mikunjo miwili, rangi bado imekolea. Nilikuwa mwanafunzi Seoul, mgeni wa mambo haya kama ninyi leo. Nikaifunika kitambaa, nikapitisha pasi, ikanyooka kama kanzu ya Idi. Kesho yake nikaipeleka kwa mzee mmoja kwenye maduka ya chini ya ardhi ya Hoehyeon, wanakouza noti, sarafu na stempu. Aliiinamisha kidogo chini ya taa, akapitisha kidole kwenye picha, akanirudishia. Bei aliyotaja haikufika nusu ya niliyonunulia.

Kidole chake kilikuwa kinatafuta wino. Picha ile huchapwa kwa bamba la kuchongwa, kwa hiyo wino husimama juu ya karatasi na ukiupapasa unakwaruza. Joto na mgandamizo huulaza. Kuosha nako ni balaa: sabuni ya unga ina dawa ya kung'arisha nguo, na karatasi ya noti, ambayo kwa kawaida haiwaki chini ya taa ya kukagulia noti bandia, ikishaoshwa huwaka bluu. Noti chafu ya kweli ina heshima kuliko safi ya kughushi usafi.

Basi wadogo zangu, anzeni na mwanga. Ishike noti ikiwa imelala, taa itokee ubavuni, uizungushe polepole. Hapo utaona mambo mawili ambayo wageni huyachanganya. Kuna mpindo, yaani karatasi ilipinda ikarudi, wino haukukatika. Na kuna mkunjo, mstari ambao wino umevunjika na nyuzi nyeupe zinachungulia. Mpindo hupunguza bei kidogo. Mkunjo huishusha daraja zima. Hesabu mikunjo: mmoja katikati, halafu ya robo, kisha wa kulala. Ikishakuwa mingi kiasi cha kutohesabika, tazama makutano yake: mara nyingi kuna tundu dogo pale. Inua noti usawa wa dirisha, litaonekana. Kona zilizoviringika, matundu ya pini, selotepu na maandishi ya kalamu viandike vyote kabla ya kutaja bei, hata kama muuzaji anakuharakisha.

Mkunjo wa katikati una kisa chake Korea. Noti ya hwan 500 (hwan ndiyo fedha iliyotangulia won ya leo) ya mwaka 1956 ilimweka Rais Syngman Rhee katikati kabisa, na inasimuliwa kwamba wakubwa waliudhika kuona wananchi wakiukunja uso wa rais wao. Kwenye hwan 1,000 ya 1957 alisogezwa kulia.

Msishtuke mkiona mwaka 4290 kwenye noti za hwan. Ni kalenda ya Dangun, inayohesabu miaka tangu huyo mwasisi wa Korea wa kwenye hekaya. Toa 2333 upate 1957.

Kuhusu thamani, wengi hudhani uzee ndio pesa. Hapana. Won 10,000 ya sasa, ile ya kijani ya Mfalme Sejong iliyotoka 2007, ikishatumika ni won 10,000 tu, labda namba yake iwe ya ajabu, tarakimu zote saba zikifanana kwa mfano. Lakini hwan 100 ya 1962 yenye mama na mwanawe ilitolewa Mei 16, na Juni 10 hwan ikafutwa: hwan 10 zikawa won 1. Haikumaliza hata mwezi mkononi mwa watu, ndiyo maana hata iliyochakaa inagombewa. Na msitafute bei kwenye vibandiko vya wauzaji; tafuteni noti ya hali ileile iliuzwa kweli kwa ngapi.

Ile 500 ya pasi ninayo bado. Anayekuja kujifunza kwangu humpa hiyo pamoja na nyingine iliyokunjika hovyo, namwambia afumbe macho, apapase, anitajie ipi ghali.